Hataza, Sumu na Dhahabu ya Geita

Kabla ya dhahabu kutajwa katika nchi ya Uzinza, ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Mkoa wa Geita, walikuwako mafundi walioitwa Warongo, ambao kazi yao ilikuwa kuyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo na kufua majembe, na majembe hayo yalichukuliwa na wachuuzi hata Usukuma, yakanunua mifugo na nafaka, na mara nyingine yakahesabiwa katika mahari. Elimu ya kazi ile haikuandikwa wala kutangazwa barazani. Ilirithiwa na waliopokewa katika ufundi, ikazungushiwa miiko na dawa na kafara, hata mtu wa nje, ajapokaa jirani nao umri wake wote, aliuona moshi wa tanuri na akalinunua jembe, walakini hakulijua lililotendeka baina ya jiwe na jembe. Hawakuwa na karani wa kuwaandikia haki yao wala hakimu wa kuitetea, na juu ya hayo waliilinda vema, mpaka majembe ya viwandani yaliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya yalipoivunja bei na kuyazima matanuri yao.

Historia ya Geita husimuliwa aghalabu kuwa ni historia ya jiwe: nani aliliona kwanza, nani alilichimba, na nani alikwenda nalo. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana upungufu, kwa sababu jiwe lenye dhahabu katika nchi hii ni jiwe bure mpaka apatikane ajuaye kuitoa dhahabu iliyomo, na ajuaye kuipima kabla haijatoka. Na tangu zama za Warongo mpaka leo, fungu kubwa la mali limemwendea yule aliyeishika elimu hiyo, awe ameishika kwa mwiko, kwa hati ya serikali, kwa mtaji, au kwa kufuli ya maabara. Kwa hiyo historia nitakayoisimulia hapa ni ya maarifa, na itatubidi tutoke Geita mara kwa mara na kwenda mbali, madhali maarifa yaliyoifungua milima ya Geita yalizaliwa ng'ambo, na katika kuzaliwa kwake yaliandamwa na daawa kubwa mahakamani.

Wajerumani ndio walioandika kwanza habari za dhahabu ya Geita, mwaka 1898, katika miaka ile walipokuwa wakiipima na kuichora nchi waliyoitwaa. Haikuwafaa sana. Njia waliyoirithi wachimbaji wa dunia nzima tangu zama za kale ilikuwa zebaki: jiwe husagwa, unga wake hupitishwa juu ya ubao kwa maji, zebaki huishika chembe ya dhahabu inayoonekana, kisha zebaki huunguzwa ikawa mvuke na dhahabu ikabaki. Njia hii haikuwa ya mtu maalumu, na hakuna aliyeweza kuidai kuwa ni yake. Lakini ina aibu moja, kwamba chembe ndogo mno, na ile iliyojificha ndani ya madini ya salfa, huipita zebaki ikaenda zake pamoja na mchanga. Na mawe ya Geita, ambayo ni mawe ya chuma yenye matabaka yaliyochanganyika na salfa, yana dhahabu ya namna hiyo kwa wingi.

Dawa ya aibu ile ilipatikana Glasgow, Uskochi, mwaka 1887, miaka 11 kabla ya Mjerumani kuiona dhahabu ya Geita. Mkemia aitwaye John Stewart MacArthur, akishirikiana na ndugu wawili waliokuwa matabibu, Robert na William Forrest, alithibitisha kwamba jiwe lililosagwa likilowekwa katika maji yenye sayanaidi kidogo sana, na hewa ikapata njia ya kuingia, dhahabu huyeyuka ndani ya maji hayo, hata ile isiyoonekana kwa macho. Na maji yale yakipitishwa katika vipande vyembamba vya zinki, dhahabu hujitenga ikashikika. Sumu iuayo mtu kwa kiasi cha punje ikawa ndiyo ufunguo wa hazina. Mara waliomba hataza, yaani hati ambayo dola humpa mbunifu ili kwa muda maalumu, nao kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule ulikuwa miaka 14, mtu mwingine asiutumie ubunifu wake bila ya idhini na malipo, na yeye kwa upande wake auandike ubunifu huo waziwazi, ili muda ukiisha uwe mali ya watu wote.

Wakati huo huo migodi ya Witwatersrand, karibu na Johannesburg, ilikuwa imeingia katika msiba. Tabaka la juu, ambalo jua na mvua vilikuwa vimelilainisha, lilikwisha chimbwa, na chini yake likatokea jiwe gumu lenye salfa, ambalo zebaki haikulimudu. Hisa zikaanguka, na watu wakaanza kufunga virago. Mwaka 1890 MacArthur na wenzake waliijaribu njia yao katika mgodi wa Salisbury mbele ya wenye migodi, na mchanga uliokuwa umetupwa kuwa ni takataka ukatoa dhahabu. Tangu siku ile Johannesburg ikapona, na haki za hataza katika nchi ya Transvaal zikawa mikononi mwa kampuni iliyoitwa African Gold Recovery Company, ambayo ilidai ushuru kwa kila aliyeitumia sayanaidi.

Hapo ndipo tabia ya makampuni ilipojidhihirisha, na msomaji wa leo atafanya vema kuizingatia. Wenye migodi ya Witwatersrand, waliokuwa matajiri kupita wote katika Afrika ya kusini, na ambao hawakumruhusu mtu mwingine hata kuokota jiwe katika eneo lao, walipoambiwa walipe ushuru kwa ajili ya maarifa yaliyowaokoa, ghafla waligeuka kuwa watetezi wa elimu huru. Wakiongozwa na Chama cha Wenye Migodi, walikwenda mahakamani, wakaleta hoja kwamba ubunifu ule haukuwa ubunifu: kwamba Msweden Carl Wilhelm Scheele alikwisha iona dhahabu ikiyeyuka katika maji ya namna hiyo katika karne ya 18, kwamba Mjerumani Elsner aliandika mwaka 1846 sababu ya hewa kuhitajika, na kwamba Mmarekani Rae alipewa hataza yenye fikra inayofanana mwaka 1867. Novemba 1896 Mahakama Kuu ya Transvaal ilizibatilisha hataza zile. Nchini Uingereza nako mahakama ya rufani ilikuwa imekwisha zibana, ikasema kwamba kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi kulijulikana zamani, na kwamba kilicho kipya ni kiasi kidogo tu cha sumu kitumikacho.

Sina nia ya kumlilia MacArthur, kwa kuwa hoja za wapinzani wake zilikuwa na uzito, na hukumu haikuwa ya dhuluma. Nataka tuone tu kwamba kampuni huipenda hataza inapokuwa yake, na huichukia inapokuwa ya mwenzake; na kwamba Transvaal maarifa yalifunguliwa kwa faida ya wale tu waliokuwa na mashimo, mitambo na mawakili. Katika nchi nyingine mambo yalikwenda kwa tadbiri tofauti. Serikali ya New Zealand, ambako njia ile ilitumika kwa biashara tangu mwaka 1889 katika mgodi wa Karangahake, ilipitisha sheria mwaka 1897, ikazinunua haki za hataza kwa pauni 10,000, kisha ikawaruhusu wachimbaji wote kuitumia kwa ushuru mdogo mpaka fedha ya hazina ilipokuwa imerudi. Serikali ile haikumnyang'anya mbunifu haki yake, wala haikuwaacha wachimbaji wadogo wapigane naye mmoja mmoja. Iliitazama elimu ile jinsi itazamavyo daraja au kisima, kuwa ni jambo la kununuliwa na umma kwa ajili ya umma. Naomba msomaji aliweke tendo hilo akilini, kwani nitalirudia.

Sasa turudi Geita. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani iliipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hata dola 35 kwa aunsi, na mahali pote ulimwenguni palipokuwa na jiwe la dhahabu lisilolipa, jiwe lile likaanza kulipa. Kampuni ya Saragura, iliyotoka Kenya, ilikuwa imekwisha ipima nchi ya Geita tangu mwaka 1930. Kazi ya kuufungua mgodi ilianza mwaka 1934, na mwaka 1936 mgodi wa chini ya ardhi ulianza kazi, ukaendelea mpaka mwaka 1966, ukawa ndio mgodi mkubwa wa dhahabu kupita yote katika Afrika Mashariki, ukatoa kiasi cha aunsi milioni 1.

Na tufanye hesabu. Hataza ya mwaka 1887, hata kama isingalibatilishwa na mahakama yoyote, ingalikwisha mwaka 1901. Kwa hiyo mwananchi wa Geita wa mwaka 1936, aliyeshuka shimoni kwa ujira mdogo na kupandisha jiwe lililokwenda kulowekwa katika matangi, alifanya kazi juu ya maarifa ambayo kwa sheria yalikuwa mali yake sawasawa na yalivyokuwa mali ya mwenye hisa wa London. Hakuna aliyemkataza kuyajua. Lakini nani alimfundisha? Sayanaidi iliagizwa kwa meli na kutunzwa kwa ufunguo. Tangi na kinu cha kusagia vilitaka mtaji. Kitabu kiliandikwa kwa lugha ambayo shule za wakati ule ziliwafundisha wachache mno. Na maabara, mahali ambapo jiwe hupimwa ikajulikana lina gramu ngapi kwa tani, ilikuwa ya kampuni. Hataza ilikwisha kufa, na mlango ukabaki umefungwa, ila kwa komeo jingine.

Sheria ya hataza yenyewe iliyotumika Tanganyika kwa miaka mingi ilifuata mkondo huo. Tangu mwaka 1931 mtu aliweza kuandikisha hapa hataza iliyokwisha tolewa Uingereza, na hapakuwa na njia ya mbunifu wa Tabora au Mwanza kupewa hataza na nchi yake mwenyewe bila ya kupitia London. Hali hiyo iliendelea hata baada ya Uhuru, mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, ambayo leo inasimamiwa na BRELA, na nchi yetu imo pia katika shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, ambalo hupokea maombi ya hataza kwa ajili ya nchi nyingi za Kiafrika kwa pamoja.

Bei ya dola 35 iliyoufungua mgodi wa Geita ndiyo iliyoufunga, kwa kuwa ilisimama pale pale mpaka mwaka 1971, ilhali mishahara, mafuta na vyuma vilipanda mwaka hata mwaka. Ulipofungwa mwaka 1966 mafundi waliondoka na vitabu vyao, na hapakubaki chuo wala maabara ya kurithi elimu ya miaka 30. Shirika la serikali, STAMICO, lililoundwa mwaka 1972, lilifungua mgodi wa Buckreef katika miaka ya 1980, nao haukudumu. Waliobaki ni watu wenyewe, na serikali ilipolegeza kamba katika miaka hiyo ya 1980 na kuwaacha raia wachimbe na wauze, Nyarugusu, Mgusu, Nyakagwe na Rwamagasa zikajaa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na makarasha ya kusagia mawe, na mialo ya kuoshea unga wake, na kwa kila mwalo ikawako chupa ya zebaki.

Nchi ambayo miaka 50 nyuma ilikuwa na matangi ya sayanaidi ya kisasa ilirudi, kwa mikono ya wananchi wake, katika njia ya kale iliyokuwapo kabla ya MacArthur kuzaliwa. Mchimbaji hutoa viroba vya mawe shimoni. Mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara lake, na waliochimba lao. Jiwe hupelekwa kwenye karasha, unga wake hupitishwa mwaloni, kisha mtu huuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu na kuiunguza juu ya moto wa mkaa, na mvuke wake huvutwa na wote waliopo, pamoja na mama aliyekaa karibu na mtoto mgongoni. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2002 kwa ajili ya kupunguza zebaki uliichagua Rwamagasa kuwa mahali pake pa kazi nchini Tanzania, ukafundisha kuunguza zebaki ndani ya chombo kilichofunikwa ili mvuke urudi kuwa zebaki tena; na Tanzania ikauridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Madhara ya sumu hiyo yamesemwa sana na yanastahili kusemwa zaidi. Walakini liko dhara jingine lisilosemwa, nalo ni la hesabu.

Zebaki kwa mkono wa mchimbaji mdogo aghalabu haipati hata nusu ya dhahabu iliyomo katika jiwe. Iliyobaki imo ndani ya mchanga uliokwisha pita mwaloni, ambao watu wa migodini huuita marudio; na mahali pengi marudio hayo ni ya mwenye karasha au mwenye mwalo, yakihesabiwa kuwa sehemu ya malipo yake ya kusaga, au huuzwa kwa bei ya lori pasipo kupimwa. Mnunuzi wake ni mwenye vati, yaani tangi la kulowekea kwa sayanaidi, ambaye mara nyingi amekwisha chukua kidogo akakipeleka maabara, akajua tani ile ina gramu ngapi, ilhali aliyeyatoa mawe shimoni kwa hatari ya roho yake hajui ila idadi ya viroba. Hapo hakuna hataza hata moja. Lipo pengo la elimu baina ya muuzaji na mnunuzi, na pengo hilo latoza ushuru mkubwa kuliko uliodaiwa na kampuni ya MacArthur kule Johannesburg.

Na vati zenyewe zina historia yake. Kwamba mkaa huinyonya dhahabu kutoka katika maji ya sayanaidi kulijulikana tangu karne ya 19, na hataza zilitolewa juu ya jambo hilo. Ila ilikuwa lazima mkaa uchomwe ili dhahabu ipatikane, na gharama ikaishinda faida. Aliyelikata fundo hilo ni J. B. Zadra, mtumishi wa idara ya migodi ya serikali ya Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha namna ya kuiosha dhahabu kutoka katika mkaa kwa maji moto yenye dawa, na mkaa ukabaki mzima kwa kazi nyingine. Na kwa kuwa alikuwa akilipwa na umma, matokeo yake yalichapishwa kwa umma. Mgodi mkubwa wa Homestake uliifuata njia hiyo mwaka 1973, dunia nzima ikaufuata Homestake, na leo mtambo mkubwa wa Geita na vati za saruji za pembezoni mwa Nyarugusu zote zinautumia mkaa huo, uitwao kaboni, kwa kanuni ile ile. Elimu iliyozaliwa katika idara ya serikali ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote, na kuwafikia hata wenye mtaji mdogo.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyoweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu na masharti mepesi kwa wawekezaji, iliwakaribisha wakubwa tena. Milima ya Geita ilikuwa imekwisha ingia mikononi mwa kampuni ya Ashanti Goldfields, ambayo asili yake ni Obuasi, Ghana, na ambayo Waafrika wengi waliionea fahari. Septemba 1999 benki kuu za Ulaya zilitangaza kwamba zitapunguza kuuza dhahabu yao, na bei ikaruka. Jambo la furaha kwa kila mwenye mgodi, isipokuwa kwa Ashanti, ambayo ilikuwa imefunga mikataba ya kuuza kwa bei ya mbele dhahabu nyingi ambayo bado ilikuwa ardhini, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo hasara yake katika vitabu ilivyotisha wadai wake. Ili kujiokoa iliuza nusu ya mgodi wa Geita kwa kampuni ya AngloGold mwaka 2000, mwaka ule ule mgodi ulipoanza kazi. Na mwaka 2004 makampuni hayo mawili yakaungana yakawa AngloGold Ashanti. Hivyo mwamba wa Geita ulibadili mmiliki kwa sababu ya karatasi zilizotiwa sahihi mbali nao.

Kusini-mashariki ya hapo, katika Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, kulikuwa na Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 ili kuipisha kampuni, na ambako mgodi wa Barrick ulifunguliwa mwaka 2001. Jiwe la Bulyanhulu lina shaba, na shaba huila sayanaidi bure. Kwa hiyo sehemu ya mali yake hutolewa kwa njia nyingine, ya kuutia unga wa jiwe katika maji yenye mafuta na dawa, na kuupulizia hewa mpaka chembe za madini zipande juu pamoja na povu. Mchanga mzito utokanao na povu hilo ndio makinikia, uliokuwa ukitiwa katika makontena na kupelekwa ng'ambo kuyeyushwa.

Njia ya povu nayo ina daawa yake. Hataza yake ya mwaka 1905 ilishikwa na kampuni ya London iitwayo Minerals Separation, iliyokuwa na sifa ya kuwashitaki watu kuliko ya kuwafundisha. Ilimwandama James Hyde, mhandisi aliyeitumia njia ile Montana mwaka 1911, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1916 iliipa haki, lakini katika kiasi kidogo tu cha mafuta, chini ya asilimia 1. Na waliokubali kulipa walitiwa katika masharti kwamba kila kitu kipya watakachokibuni juu ya njia ile kiwe cha kampuni. Kwa sharti hilo mtu alikodi elimu kwa fedha, kisha akalipa mara ya pili kwa akili yake mwenyewe.

Hataza hizo zote zilikuwa zimekufa zamani Rais John Magufuli alipozuia usafirishaji wa makinikia mwezi Machi 2017. Siri ilikuwa imehamia kwenye kipimo. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyoyachunguza makontena 277 yaliyokuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam, ilisema mwezi Mei kwamba wastani wa dhahabu iliyomo ni gramu 1,400 kwa tani, wakati hati za kusafirishia zilionyesha kiasi cha gramu 200. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikaleta hesabu ya kodi mwezi Juni, na mwezi Julai kampuni ya Acacia, iliyouendesha mgodi wa Bulyanhulu, na ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa ya Barrick, ikadaiwa dola bilioni 190. Acacia ilikana kwa nguvu, ikasema vipimo vile haviwezekani. Mgodi wa Geita haukuingia katika mkasa huo, kwa kuwa wenyewe hauzalishi makinikia, bali humimina dhahabu yake tofali kwa tofali pale pale mgodini.

Matokeo yanajulikana. Mrabaha ulipandishwa hata asilimia 6, serikali ikajiwekea kwa sheria hisa zisizopungua asilimia 16, na Januari 2020 Barrick na serikali zikatia sahihi mapatano yaliyoisimamisha kampuni ya Twiga Minerals, pamoja na malipo ya dola milioni 300 na ahadi ya kugawana faida nusu kwa nusu. Insafu yataka tuseme kwamba mapatano hayo yaliipatia nchi zaidi ya ilivyokuwa ikipata. Insafu hiyo hiyo yataka tuseme kwamba yaliumaliza mzozo wa fedha, hayakuumaliza mzozo wa kipimo: baina ya gramu 200 na gramu 1,400 mwananchi wa kawaida aliachwa achague kwa imani, amwamini profesa au aiamini kampuni, kwa sababu hakuwa na maabara yake ambayo pande zote mbili zingekubali hukumu yake.

Mambo ya namna hiyo hutokea Geita kwa kiwango kidogo kila siku. Wananchi wa Geita wamekuwa wakiyadai kwa miaka mingi magwangala, yaani mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa kuwa hayana dhahabu ya kulipa. Kampuni husema ni mabaki. Kijana mwenye nyundo husema yana mali. Na huenda wote wawili wanasema kweli, madhali jiwe lisilolipa kwa mtambo wa mamilioni ya tani laweza kumlipa mtu mwenye mikono yake tu. Lakini hakuna anayeyapima mbele ya wote wawili, na pasipo kipimo mazungumzo hugeuka kuwa kelele, na kelele huishia kwa polisi.

Basi, katika historia hii ndefu, wako walioifunga elimu na wako walioifungua, na tukiwatazama vizuri tutaona kwamba hataza haikuwa adui mkubwa kupita wote. Hataza ina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, na maandishi yake husomwa na yeyote. Leseni ya eneo yaweza kuhuishwa tena na tena, na daftari la maabara ya kampuni halina siku ya kufunguliwa. Wanaolaumu hataza za wageni na kuyaacha makomeo haya mawili wanapigana na adui aliyekwisha zikwa. Kadhalika sidhani kwamba mafundi wa kuchomelea wa Geita na Mwanza, wanaounda makarasha kwa vyuma chakavu na kuyatengeneza kila mwaka yawe bora kuliko ya jana, watafaidika sana kwa kupewa hataza ambazo hawana fedha ya kuzitetea. Faida yao ni kufundishwa zaidi, na kununuliwa kazi yao kwa bei ya haki.

Mfano wa kufuatwa ni ule wa pauni 10,000 za New Zealand na ule wa mtumishi wa umma wa Marekani. Na hapa kwetu mwanzo wake upo. STAMICO imejengewa vituo vya mfano vya kuchenjua dhahabu kwa kaboni huko Rwamagasa katika Geita, Katente katika Bukombe na Itumbi katika Chunya, ili mchimbaji alete mawe yake, aone yanavyochenjuliwa pasipo zebaki, na ajue yametoa nini. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 2019, limekwisha onyesha kwamba dhahabu ikipimwa hadharani na bei ya siku ikajulikana, muuzaji huacha kumtegemea mnunuzi wa vichochoroni. Lakini soko hupima dhahabu iliyokwisha toka katika jiwe, na nusu ya mali ya mchimbaji haifiki huko, kwa kuwa ameiacha mwaloni.

Jambo lililobaki ni kulishusha soko hilo mpaka kwenye karasha: kwamba marudio yasihamishwe mwaloni kabla sehemu yake haijapimwa na maabara isiyo ya muuzaji wala ya mnunuzi, na kwamba yauzwe kwa gramu badala ya lori. Halihitaji ugunduzi mpya, kwa maana elimu yake yote imekwisha kuwa huru kwa miaka mingi. Lahitaji kanuni ya wizara, maabara ndogo katika kila machimbo makubwa, na wapimaji waliosomeshwa na kulipwa na serikali. Na gharama yake, nadhani, haitafika sehemu ndogo ya ile dhahabu ambayo wachimbaji wa Geita huigawa bure kila mwaka kwa kutojua uzito wake.